Mangapwani: Pwani Iliyochukua Jina Letu



Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Maskati, Dubai, London na kwingineko,

Kila mwaka ifikapo likizo huletewa picha na vijana wetu waliokwenda Unguja kupumzika. Picha ni nzuri, mashallah: mchanga mweupe, maji yenye rangi ya feruzi, mnazi ulioinama kana kwamba umeamrishwa kuinama. Nami huwauliza swali moja tu, "Hapo ni wapi?" Jibu aghalabu huwa jina la hoteli. Jina la ghuba hawalijui, wala la kijiji kilichopo nyuma ya ukuta wa hoteli hiyo. Siwalaumu. Sisi wazee wao ndio tuliowahadithia Unguja kwa majina ya mashamba na ya watu, tukasahau kuwahadithia kwa bahari yake, ilhali bahari ndiyo iliyotufikisha huko.

Basi leo nataka kuwachukua katika pwani moja, ile inayotoka Maruhubi, kaskazini kidogo ya mji, hadi Mangapwani. Nimeichagua kwa kuwa ndiyo pwani waliyoijua wazee wetu. Nimeichagua pia kwa sababu ipo habari moja ya pwani hiyo ambayo ukoo wetu umekaa nayo kimya kwa muda mrefu, na mimi ni miongoni mwa walionyamaza.

Tuanze na bahari yenyewe. Wageni wa siku hizi huzipenda fukwe za mashariki: Paje, Bwejuu, Jambiani. Wana haki ya kuzipenda, kwa maana mchanga wake ni laini kama unga. Lakini nahodha wa zamani asingelitia nanga huko kwa hiari yake. Upande ule umezungushwa mwamba mrefu, na mawimbi ya bahari kuu huupiga mchana na usiku. Ndani ya mwamba maji ni haba. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 4, na yakipwa, bahari huondoka mbali hata wanawake wanaolima mwani wakaenda kwa miguu mahali ambapo asubuhi yake mtu angelizama. Chombo kizito hakina kazi huko.

Pwani ya magharibi ni kinyume chake. Mchanga wake ni mwembamba, fukwe zake ni fupi, na kila ghuba imetenganishwa na mwenziwe kwa rasi ya jiwe la matumbawe. Mpiga picha hupita upesi. Lakini kisiwa chenyewe huikinga na mawimbi ya bahari kuu, na mbele ya mji viko visiwa vya Changuu, Chapwani na Bawe pamoja na mafungu ya mchanga, vyote vikivunja nguvu ya maji. Jahazi liliweza kuletwa ufukweni wakati wa maji makuu, likaegemezwa magogo, na maji yalipopwa mafundi wakalizunguka kwa miguu, wakalitia kalafati na kulipaka deheni kabla maji hayajarudi. Mpaka leo vyombo huegeshwa hivyo pale Maruhubi.

Jambo la pili ni maji matamu. Mabaharia waliotoka Sur au Maskati kwa pepo za kaskazi, baina ya Disemba na Machi, na wakangojea kusi iwarudishe, walihitaji bandari yenye utulivu na kisima kilicho karibu. Mkiishika kanuni hii mtaielewa pwani yote: popote penye ghuba tulivu na maji ya kunywa, wazee walijenga.

Pale Maruhubi zimesalia nguzo nene za jumba alilolijenga Seyyid Barghash bin Said baina ya mwaka 1880 na 1882 kwa ajili ya masuria wake. Jumba liliungua mwaka 1899, na nguzo hizo, ambazo zamani zilibeba roshani ya mbao, sasa hazibebi kitu. Vijana hupenda kupigia picha hapo. Sina zaidi ya kusema juu ya Maruhubi.

Mtoni ni mahali pa kukaa. Hili ndilo jumba kongwe kuliko majumba yote ya Masultani wa Unguja, makao ya Seyyid Said bin Sultan baada ya kuihamisha enzi yake kutoka Maskati. Jina limetokana na kijito kinachoshuka na kuingia baharini pembeni mwake. Kanuni yetu ya maji matamu, basi, imeandikwa katika jina lenyewe. Hapo ndipo alipozaliwa Bibi Salme binti Said mwaka 1844, yule aliyeondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani Heinrich Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kitabu cha maisha yake. Nimekisoma kwa tafsiri, si mara moja. Anauhadithia ua mpana wenye tausi na paa, hodhi za kuogea zilizojaa watu toka alfajiri, na baraza ya duara iliyoelekea baharini ambapo baba yake alizoea kutembea peke yake, kichwa ameinamisha, akienda na kurudi.

Ndugu zetu wengi wanakisifu kitabu hicho kwa ajili ya fahari iliyomo. Mimi nilipokisoma mara ya mwisho nilisimama katika habari ya mama yake. Mama huyo alikuwa Mcherkesi, alitekwa na wavamizi angali mtoto, akauzwa, hata akafika katika nyumba ya Seyyid Said. Umri wake siku ile haukujulikana kwa hesabu ya miaka. Salme anaukadiria kwa meno: mama yake alikuwa akisimulia kwamba jino lake la kwanza la utoto lilimtoka katika nyumba ile. Litieni akilini jino hilo, nitalirudia.

Kutoka Mtoni tunapita Kibweni, penye kasri iliyojengwa mwaka 1915 zama za Seyyid Khalifa bin Harub, kisha Beit el Ras, yaani nyumba ya rasini, jumba alilolianza Seyyid Said na ambalo halikumalizika. Baadaye mahali hapo pakawa na chuo cha ualimu. Kisha tunafika Bububu.

Hapa niruhusuni nisahihishe kosa ambalo nimelisikia hata kwa watu wazima wenye heshima zao. Husemwa kwamba Bububu iliitwa hivyo kwa mlio wa garimoshi. Ni kweli palikuwepo reli, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kufunguliwa mwaka 1905, urefu wake kama maili 7, ikitoka mjini ikipenya katika vichochoro hadi Bububu. Lakini Bibi Salme alikuwa na nyumba Bububu, na ameitaja kwa jina hilo hilo katika kitabu kilichotoka mwaka 1886. Jina haliwezi kuzaliwa kabla ya baba yake. Kinachofaa zaidi ni kauli ya wale wanaolinasibisha na chemchemi, kwani maji yanayobubujika hutoa sauti hiyo bila ya kungojea reli. Na chemchemi hizo ndizo ambazo Seyyid Barghash aliyatoa maji yake akayapeleka mjini kwa mifereji, ili watu wa mji wayapate bila ya kuyanunua.

Baada ya Bububu na magofu ya Chuini, barabara hugawanyika. Ya kulia huelekea Mahonda na huko mbele hadi Nungwi, ambako ziko hoteli nyingi na ambako mafundi bado wanaunda majahazi. Ya kushoto hupita baina ya minazi na mihogo, na mwisho wake, kiasi cha kilomita 20 na ushei kutoka mjini, ni Mangapwani.

Manga, kwa Kiswahili cha wazee, ni Arabuni, hasa nchi ya Omani. Ndiyo maana tuna pilipili manga na njiwa manga, vitu vilivyodhaniwa kuwa vimetoka huko hata kama vingine vilitoka mbali zaidi. Mangapwani, basi, ni pwani ya Wamanga. Ukoo wetu umejivunia jina hilo tangu nilipopata akili. Nilipokuwa mtoto Maskati nilisikia barazani kwamba "pwani ile iliitwa kwa ajili yetu," na msemaji alikuwa akijinyoosha mgongo anaposema hivyo.

Kwa insafu yapasa nieleze Mmanga alikuwa nani. Hakuwa Mwarabu wa mjini, mwenye jumba la ghorofa na mlango wa nakshi. Mwarabu wa mjini angelikasirika kuitwa Mmanga. Mmanga alikuwa mgeni aliyeshuka juzi kutoka chomboni, mwenye tende, halua na papa mkavu wa kuuza, analala juu ya mizigo yake, Kiswahili chake kinachekesha watoto. Wengine walirudi na kusi. Wengine walibaki wakafungua kiduka shamba, wakaoa huko. Babu wa babu yetu alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo jina ni letu kweli, lakini halikuwa taji. Nasi hatukupungukiwa kitu kwa kuwa watoto wa wauza papa.

Ghuba ya Mangapwani ni ndogo na nzuri ajabu. Ukisimama juu ya jabali unaona mchanga chini yako, umefichwa na miti hata kutoka baharini chombo kinaweza kupita kisiutambue. Ndani kidogo, katika ardhi ya mawe, limo pango kubwa la matumbawe lenye dimbwi la maji matamu. Wenyeji husimulia kwamba lilivumbuliwa na kijana mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi wake. Mbuzi alitumbukia, kijana akamsikia akilia chini ya ardhi. Watu wakachota maji humo miaka mingi. Utulivu, kificho, maji matamu: kila ambacho nahodha alikitaka kipo.

Na si nahodha wa tende peke yake aliyekitaka.

Mwezi wa Juni 1873 Seyyid Barghash, baada ya kutishiwa na Waingereza kwamba bandari yake itazingirwa kwa manowari, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Soko la mjini, Mkunazini, likafungwa. Manowari iitwayo London ikatia nanga mbele ya mji na kukaa hapo hadi mwaka 1883, mashua zake zikisaka vyombo baina ya Unguja, Pemba na bara. Lakini mashamba ya karafuu yalikuwa bado yanataka mikono, seuze baada ya tufani ya mwaka 1872 iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja ikabidi kupandwa upya, na mkataba haukumwachia huru aliyekwisha kufika nchi kavu. Kwa hiyo biashara haikufa. Ilihama kutoka sokoni ikaenda katika ghuba kama hii, na kutoka mchana ikaenda usiku.

Mbali kidogo na lile pango la maji viko vyumba viwili vilivyochongwa ndani ya jiwe, chini ya usawa wa ardhi, vikaezekwa juu. Ngazi inateremka, kuta zina unyevu, hewa ni nzito hata pakiwa na watu wanne tu. Mapokeo yanasema vilichongwa mnamo mwaka 1880 kwa amri ya Muhammad bin Nasor Al-Alwi, ili watu walioletwa kwa siri wafichwe humo hata wapatiwe chombo au mnunuzi. Wanaotembeza wageni mara nyingi huchanganya mahali pawili hapa, wakamwonesha mgeni pango la maji na kumwambia habari za vyumba. Msikubali kuchanganyiwa. Pango limeumbwa na Mwenyezi Mungu. Vyumba vilichongwa na watu, na watu hao walikuwa wakizungumza lugha ya nyumbani kwetu.

Niliteremka ngazi ile nikiwa na wajukuu zangu wawili. Mdogo aliniuliza, "Babu, wetu walikuwa upande gani?" Nilimjibu kwamba tutazungumza jioni. Jioni sikumwambia kitu. Haya ninayoyaandika ndiyo majibu niliyokuwa nikidaiwa.

Katika nyumba ya wazee wetu alikuwepo bibi aliyejulikana kwa jina la Bibi wa Uani. Marehemu baba yangu alimkuta ni mkongwe, naye ndiye aliyenihadithia habari zake, katika miaka yake ya mwisho, tukiwa Maskati. Alisema bibi yule aliletwa kwa chombo kidogo, usiku, pamoja na watoto wengine, wakakatazwa kukohoa. Waliposhushwa maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye miamba. Walitiwa katika shimo lenye kutona maji, na usiku wa pili wakaongozwa bara, mashambani. Hakuujua umri wake siku ile, ila alikumbuka kwamba alikuwa na pengo mbele, na jino jingine lilimtoka shambani kwetu.

Sitadai kwamba shimo lile ni vyumba vya Mangapwani. Pwani hii ina mashimo mengi. Nadai jambo dogo zaidi: kwamba aliingia nyumbani kwetu mtoto, akiwa na pengo, na kwamba hakuingia kwa hiari yake.

Alikua, akazaa, na wakati huo huo babu yetu akazaliwa na mama yake akaugua. Bibi wa Uani akamnyonyesha babu pamoja na mwanawe mwenyewe. Amri ya Seyyid Hamoud ya mwaka 1897 ilikuwa imekwisha kutoka, ambayo ilimpa mtumwa haki ya kwenda kuomba uhuru wake kwa serikali, na mwenyewe akalipwa fidia. Kama aliomba au hakuomba, hakuondoka. Alifia pale uani. Katika sanduku la karatasi za babu, ambalo lilivuka bahari nasi baada ya Januari 1964, nimezikuta hati za mashamba, risiti za karafuu, barua kutoka Omani, hata hesabu ya misumari iliyonunuliwa kwa ajili ya paa. Juu yake hapana mstari hata mmoja. Mimi niliyekula mshahara wa ukarani kwa miaka mingi najua kwamba anayeorodhesha misumari hakukosa karatasi.

Sasa nawauliza wale miongoni mwenu waliosoma. Sheria yetu inasemaje juu ya mwanamke aliyekunyonyesha? Surat An-Nisaa, aya ya 23, imewataja mama walionyonyesha mara tu baada ya kuwataja mama waliozaa na jamaa wa damu, na imewataja dada wa kunyonya pamoja nao. Ikiwa ni hivyo, Bibi wa Uani ni mama wa babu yetu. Mwanawe ni ndugu wa babu yetu, haramu kwake kumwoa binti wa ndugu huyo. Hili si suala la huruma wala la siasa za siku hizi. Ni suala la nasaba, na sisi tuliojigamba kwa kuhifadhi nasaba ya vizazi kadhaa tumeruka mtu mmoja aliye karibu kabisa.

Safari ile ile, baada ya kuwarudisha wajukuu mjini, nilikwenda peke yangu kijiji cha jirani kuwauliza wazee. Haikunichukua hata saa nzima. Mzee mmoja, amenizidi miaka michache, alinikaribisha barazani, akanitilia kahawa, akanisikiliza mpaka nikamaliza maelezo yangu marefu. Kisha akasema, "Sisi tunawajua nyinyi, sheikh wangu. Nyinyi ndio hamtujui." Alikuwa mjukuu wa yule mtoto aliyenyonya pamoja na babu. Alinitajia majina ya watoto wa babu yangu wote, kwa mpangilio, na akamuuliza shangazi yangu kama bado anaumwa na magoti. Baba yake alipata eka tatu katika ugawaji wa ardhi baada ya Mapinduzi, katika shamba ambalo lilikuwa letu. Aliniambia hilo bila ya kunitazama, na mimi nikamwambia ni kheri, maana mikono iliyolilima ilikuwa ya kwao. Tulikaa kimya kidogo, kisha akaniongeza kahawa.

Nilimuuliza jina la Bibi. Alinipa jina la Kiislamu alilopewa shambani, na jina jingine alilokuja nalo, ambalo amelihifadhi kwa sababu bibi mwenyewe aliwataka wajukuu zake walirudie kila mwaka mwezi wa Ramadhani. Yote mawili nimeyaandika katika shajara ya ukoo, palipo na jina la babu, upande wa mama. Sikuyaweka hapa hadharani, kwa kuwa familia yake imeniomba ningojee waafikiane kwanza.

Mmoja wa kaka zangu wakubwa alipopata habari alinipigia simu kutoka Dubai kunisihi niufute mstari ule, akihofia watu watasemaje siku ya posa. Nilimwambia kwamba posa ndiyo hasa inayotaka mstari ule uwepo. Hajaridhika bado. Nami sijaufuta.

Inshallah mwishoni mwa Disemba, kaskazi itakapokuwa imeshika, nitarudi Mangapwani. Kaburi lake halina jiwe, lakini mzee wangu analijua, liko chini ya mwembe, mwendo mfupi kutoka ghubani. Tutasoma Khitma hapo asubuhi, kisha tutateremka pwani maji yakipwa. Anayetaka kufuatana nasi, mkubwa kwa mdogo, anijulishe mapema ili nipange gari. Na mwenye picha yoyote ya uani kwa wazee, hata iliyoliwa na mchwa, tafadhali aniletee. Asiikate waliosimama pembeni.